Vidonge vya Chumba cha Kufulia

Lachie Dunsmuir alisubiri mpaka nijaze mdomo kwa roli ya jibini, ndipo akatangaza mbele ya majirani wote kwamba ardhi yangu ndiyo wodi ya wazazi ya sungura wa bonde zima. Alijua siwezi kumjibu na mdomo umejaa. Nilimjibu hivyo hivyo, na makombo yakamfikia.

Tulikuwa jikoni kwake, sisi wote wenye vishamba kwenye ukingo wa juu wa mto Manuherikia. Majani ya mipopla yalikuwa yameanza kugeuka manjano. Lachie ana shamba la mizabibu, na sungura walikuwa wamemtafunia magome ya miche yake michanga mpaka ikakauka mstari mzima. Haki ya kukasirika alikuwa nayo, hilo sikatai. Nilichokataa ni dawa yake, maana dawa yake ilikuwa karoti.

Karoti hizo hukatwa vipande, zikatiwa sumu, zikapakwa rangi ya kijani ili ndege wasizitamani, kisha zikamwagwa ardhini baridi ikishakaza na nyasi zikiisha. Sungura hula, hufa. Ubaya ni kwamba sungura aliyekufa hivyo bado ana sumu tumboni, na mbwa akimla huyo, naye anamfuata. Na mimi nina Gyp.

Gyp alikuwa mbwa wa kuswaga kondoo, wale wanaofanya kazi kwa kubweka. Mimi na mume wangu Murdo tulimlea tangu anaingia kwenye kofia. Sasa ni mzee, masikio yamekufa, macho yana ukungu, lakini pua na tumbo havijastaafu. Chochote kilichokufa ndani ya uzio wetu ni chake, hata kiwe kimekauka kama kiatu. Kumfunga mnyororo mpaka mizoga yote ioze, miezi na miezi, ilikuwa ni kumuua kwa njia ya polepole. Kumvika kikapu cha mdomo tulishajaribu, akalala kifudifudi akakataa hata kunywa maji.

Lachie mwenyewe alijua vizuri ninachosema. Miaka ya nyuma alimwaga karoti kwake, na mbwa wake Dougal akapata mzoga mmoja kando ya mfereji. Tulimsikia Dougal akipiga mayowe na kukimbia huku na huko mpaka akaanguka. Lachie alimzika, na mpaka leo hakuna anayelitaja jina hilo mbele yake. Mimi pia sikulitaja pale jikoni, ingawa lilinifika ulimini.

Aliyekuwa na uamuzi ni Ngaire, mkaguzi wa wilaya, mwanamke mwenye buti kubwa na maneno machache. Aliweka kikombe chini.

"Rae, sikiliza. Uzio wako una wavu mzuri, sungura wako hawatoki na wa nje hawaingii. Nitakuja barafu ikishaanza asubuhi. Nitatembea nitazame mavi ya sungura. Yakiwa makavu ya zamani tu, karoti zitaishia mpakani mwako. Yakiwepo mapya, sina la kufanya, zitaingia kwako kama kwa wengine. Hiyo ni sheria, sio mimi."

"Hayatakuwepo mapya," nilisema.

"Utawaua na nini, Rae?" Lachie akauliza. "Na matusi?"

Wakacheka wote, na Murdo wangu naye, msaliti yule, nikamwona akijificha nyuma ya kikombe.

"Nikiamua, yatatosha," nikasema, nikachukua roli nyingine ya jibini ili nisiendelee.

Bunduki ya baruti haikuwezekana kwetu. Upande mmoja ni nyumba za watu, upande wa pili ndiyo ile njia ya baiskeli iliyokuwa reli, na watalii hupita humo siku nzima na suruali zao za kubana. Kilichobaki ni bunduki ya upepo ya Murdo, ambayo sauti yake haimwamshi hata paka. Mwanzoni tulifanya vizuri. Tuliweka meza ukingoni mwa korongo nyuma ya nyumba, na kwa vidonge vya kawaida vya risasi, vile vyenye kiuno, nikawapunguza sungura wa karibu. Mimi ndiye ninayelenga. Murdo macho yake yamebaki ya kusomea magazeti, lakini kwenye darubini kubwa ya miguu mitatu anaona upepo kabla haujafika.

Waliosalia wakapata akili. Wakahamia ng'ambo ya korongo, kwenye majabali, mwendo wa mita tisini hivi, wakakaa pale wakiota jua na kutuangalia. Kidonge chenye kiuno kikifika huko kimeshachoka, upepo unakipeleka unapotaka. Mbali hivyo panahitaji kidonge kinene, kizito, kisicho na kiuno. Tulivinunua vya dukani. Vikatawanyika.

Murdo alikuwa fundi wa pampu za umwagiliaji maisha yake yote, na hakuna kinachomfurahisha kama kitu kisichoingiana na kingine. Alisukuma kipande cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akakitoa, akakipima kwa maikromita. Kisha akaja kunionyesha kama amezaa.

"Mtutu wetu mwembamba, Rae. Vya dukani vinene mno kwake. Vinabanwa, vinaharibika sura kabla havijatoka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tutatengeneza vyetu."

Alikitia kile kipande kwenye kisanduku cha kiberiti akakituma Invercargill, kwa mzee mmoja aliyeitwa Vercoe, mchonga vyuma aliyestaafu, naye akachonga kalibu ya chuma kigumu kwa kipimo kile kile. Ilirudi imefungwa ndani ya soksi. Kitu kidogo, unaweza kukificha kiganjani: kalibu yenye tundu lililong'aa, mchi wa chuma wa kuingia humo, na kwenye ubavu wa kalibu kijitundu chembamba cha kutolea ziada. Murdo akafunga presi ya mkono kwa bolti juu ya benchi la chumba cha kufulia, karibu na mashine yangu ya nguo. Sikuulizwa.

Risasi tuliipata kwenye bati laini lililozungushiwa bomba la moshi la banda letu la zamani la kukatia kondoo manyoya. Ile ni risasi safi, unaikuna kwa ukucha ikaacha alama. Tuliiyeyusha nje, juu ya jiko la gesi, mimi nikisimama upande upepo unakotoka na kumpigia Murdo kelele kuhusu glavu. Tukaimimina kwenye kibao cha chuma chenye matundu, ikatoa vijiti vifupi. Hapo ndipo kazi yenyewe inaanza. Kijiti kinapakwa mafuta, kinatumbukizwa kwenye kalibu kikiwa baridi, unavuta mkono wa presi, mchi unakishindilia mpaka kijae kila kona. Risasi iliyozidi inachuruzika kwa kile kijitundu kama uzi. Unasukuma upande wa pili, kinatoka kidonge kina kichwa chake na kitako chake, kinang'aa kama jino jipya la mtoto.

Cha kwanza nilikiweka kwenye kikombe cha yai nikakitazama muda mrefu. Nilikipenda, sitaki kudanganya.

Sasa, kuhusu mafuta. Pamoja na kalibu, mzee Vercoe alituma kikopo kidogo cha mafuta yake, na maneno kwamba yatumiwe kidogo. Murdo akakifungua. Nikakinusa, nikakifunga.

"Haya nini?"

"Ya mbarika, na kitu kingine."

"Murdo. Mimi nimechambua sufu miaka thelathini na zaidi. Kila banda kuanzia Omakau mpaka Tarras limepita mikononi mwangu. Unajua ngozi hii kwa nini haijapasuka na baridi yote hii? Mafuta ya sufu. Hakuna kitu duniani kinachoteleza kama mafuta ya sufu. Na mimi ninayo debe zima."

"Mzee amesema kidogo."

"Mzee amesema kidogo cha yale yake. Haya ni yangu."

Murdo ameishi na mimi muda wa kutosha. Akaweka kikopo kwenye rafu. Nikapaka mafuta yangu ya sufu kama ninavyopaka mikono wakati wa kukata manyoya, bila choyo, na presi ikavutika kwa raha tupu. Tulijaza chupa nzima ya jamu kwa vidonge. Nilijiona malkia.

Asubuhi iliyofuata tukaweka boksi la kulenga ng'ambo ya korongo, karibu zaidi kuliko majabali. Nikatulia, nikapumua, nikapiga mpaka mikono ikachoka. Murdo aliangalia kwenye darubini bila kusema kitu, na Murdo akinyamaza hivyo najua habari si njema. Tulipolileta boksi, matundu yalikuwa yametapakaa upana wa sahani ya chakula cha jioni. Vya dukani vilikuwa na nafuu.

Tukalaumu upepo. Tukalaumu risasi, labda kuna solda ya kuungia mabati ndani yake. Nikamlaumu mzee Vercoe na ukoo wake wote. Tukapima vidonge kwenye mizani, kila kimoja na uzito wake, hiki kizito hiki chepesi, wakati kalibu ni ile ile moja. Siku baada ya siku tulirudi kwenye presi, na siku baada ya siku boksi lilitobolewa kama chujio. Nyasi juu ya majabali zilikuwa zinakauka. Asubuhi moja nikakuta ganda jembamba la barafu kwenye bakuli la maji la Gyp, nikalivunja kwa kisigino, nikamkumbuka Ngaire. Gyp akaja akanywa, akaifuta pua yake yenye maji kwenye suruali yangu.

Lachie hakutusaidia. Alikuwa akipita kando ya uzio kila jioni na mtoto wake mpya wa mbwa, Tib, jike mdogo mwenye sikio moja lililosimama, amefungwa kamba fupi na kikapu cha mdomo tayari.

"Nasikia mnachonga vito humo ndani!" alipaza sauti. "Rae, vikibaki nitengenezee hereni!"

"Nitakutengenezea kizibo cha mdomo, Lachie!"

"Ngaire anakuja barafu ikitulia, eh? Nimeshaagiza karoti. Nimeagiza na zako."

Nikaingia ndani nikafunga mlango kwa nguvu mpaka sahani zikalia. Murdo alikuwa mezani anageuza kidonge kimoja baina ya vidole.

"Rae," akasema taratibu. "Isije ikawa ni mafuta."

Yale niliyosema baada ya hapo sitayaandika. Kwa ufupi, nilimuuliza pampu zake alizipaka nini, na kama yeye amewahi kushika sufu ya merino ya daraja la juu hata siku moja, na kondoo wa Mungu wamemkosea nini. Nilimimina chai yake kwa kishindo. Hasira ile ilikuwa ya woga, najua. Nilikuwa nikimwona Gyp kila nikifumba macho, ana povu mdomoni, anakimbia huku na huko kama Dougal.

Kesho yake nikaamua kuviosha vile vidonge, kwa sababu tu vilikuwa vinachafua kitambaa changu cha meza. Nikavitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, nikavitoa kimoja kimoja na kukifuta kwa kidole gumba. Sikuwa nafikiria risasi. Mkono ulikuwa unafanya kazi yake ya zamani. Mchambuzi wa sufu haangalii sana. Anachukua shungi, analivuta karibu na sikio asikie kama linakatika, analipitisha chini ya kidole gumba, na kidole kinamwambia kondoo huyu aliugua mwezi gani. Kidole kikasimama.

Begani mwa kidonge, pale kichwa kinapoanza kuchongoka, palikuwa na kibonde. Kidogo sana, jicho lisingekiona chini ya mng'ao wa mafuta. Nikachukua kingine. Kibonde, lakini upande mwingine. Cha tatu kilikuwa navyo viwili. Nikamimina beseni zima mezani nikavipitia vyote, na hapakuwa na kizima hata kimoja.

Nikaketi. Mafuta yakiwa mengi, presi ikivutwa, yanakwenda wapi? Kalibu imejaa. Hayana pa kutokea, maana kijitundu kimeshajaa risasi, na hayashindiliki, ukiyabana namna gani. Yanakaa pale pale kwenye kona, na risasi laini ndiyo inayoyapisha. Kila kidonge kilitoka na kovu la mafuta yangu ya sufu, mafuta bora kabisa ya bonde zima, na ndiyo maana uzito haukulingana, na ndiyo maana viliruka kama walevi.

Murdo alikuwa kwenye tuta la viazi anachimba vya mwisho. Nikasimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Ni mafuta," nikasema.

"Mafuta gani, mpenzi?"

"Usinichokoze, Murdo."

"Nauliza tu. Yale ya mbarika?"

"Murdo!"

Akacheka mpaka uma wa kuchimbia ukamtoka mkononi, mpaka akakaa chini katikati ya viazi, na mimi nikamrushia kimoja, kisha nami nikaanza kucheka, na Gyp asiyesikia kitu akaja kubweka kwa sababu ameona watu wana furaha.

Ya mbarika sikuyatumia hata hivyo. Nina heshima yangu. Nilichukua kipande cha sufu kavu iliyosuguliwa ikakaza, nikachovya ncha ya kidole kwenye debe, nikakifuta kidole kwenye aproni, na kile kilichosalia kwenye ngozi baada ya kufuta, kile usichokiona ila unakihisi tu, ndicho nilichokipaka kwenye ile sufu. Vijiti vyote nikavibingirisha juu yake. Mkono wa presi sasa ulikuwa mzito, ukataka bega. Lakini ule uzi wa ziada ulitoka kwenye kijitundu mwembamba, sawasawa, kila mvuto urefu ule ule, na kidonge kikaanguka kiganjani kikiwa na ukingo mkali pande zote. Nikakiosha. Nikakipitisha chini ya kidole gumba. Kidole hakikupata la kusema.

Kwenye mizani Murdo aliweka kimoja, akaweka cha pili, akaweka cha tatu. Sindano ikarudi pale pale.

"Hebu gonga hiyo mizani, imekwama," akasema.

Haikukwama. Tukatoka na boksi jipya. Nilipiga vitano, na Murdo akabaki ameinama kwenye darubini.

"Umekosa," akasema.

"Sijakosa."

"Naona tundu moja tu."

Tukavuka korongo kwa miguu, wazee wawili tunaparamia mawe. Lilikuwa tundu moja kweli, lenye kingo za mawimbi, na Murdo akatoa mfukoni kizibo cha bati cha chupa ya bia akakiweka juu yake, likafunikwa lote. Nikacheza. Nilivaa buti za mpira na sweta la Murdo, mvi zimenisimama, nikacheza juu ya ule mteremko, na waendesha baiskeli wawili kwenye njia ya reli wakapunga mkono.

Baada ya hapo asubuhi zilikuwa zetu. Murdo alitazama vichwa vya nyasi akinipa kipimo cha upepo kwa sauti ya chini, "robo kushoto, ngoja, ngoja, sasa," na mimi nikavuta kifyatuo. Nililenga kichwa tu. Nisipokuwa na hakika sikupiga. Kila mzoga tuliufuata, tukakata kichwa chenye risasi tukakizika ndani sana, na nyama nyingine ikaenda jikoni au kwa Gyp, aliyenenepa bila aibu. Majabali yakaanza kuwa matupu. Akabaki mmoja.

Huyo alikuwa dume kubwa, la rangi ya jabali lenyewe. Alijificha kila kukicha, na alijitokeza wakati mmoja tu: jua likishapanda juu ya kilima na kufika kwenye jiwe lake la mwisho kabisa, alikuja kuota jua, ametoa kichwa na masikio, mwili wote nyuma ya jiwe. Palikuwa mbali kuliko nilikowahi kujaribu. Upepo ulikuwa ukiamka pamoja na jua. Mara kwa mara niliweka jicho kwenye darubini ya bunduki, na mara kwa mara nikaliondoa. Nikachagua vidonge vichache, vilivyo bora kuliko vyote, nikaviweka kwenye kile kikombe cha yai.

Barafu ikatulia. Ngaire akaja, na Lachie akaja naye bila kualikwa, Tib akivutwa nyuma na kikapu chake mdomoni. Ngaire alitembea shamba lote, ameinama, akisukuma mavi kwa ncha ya buti. Ya zamani yamekauka na kufifia, mapya ni meusi yanang'aa. Kila alipoinama moyo wangu uliinama naye. Chini ya mipopla, hamna. Kwenye vichaka vya thaimu mteremkoni, ya zamani tu. Kisha tukavuka korongo, na nyuma ya lile jiwe la mwisho tukalikuta fungu kubwa, jipya, la asubuhi ile ile.

"Aa," Lachie akasema. "Huyu hapa. Mmoja leo, mwezi wa tisa watoto wake watajaa hapa."

Ngaire akasugua paji la uso. "Umefanya kazi kubwa, Rae. Lakini siwezi kusema sikuona."

"Jike hajabaki," nikasema.

"Hilo hulijui. Kama yupo hapa, karoti zinaingia."

Nikatazama kilima. Mstari wa jua ulikuwa nusu ya mteremko, unashuka.

"Ngaire, umeshakunywa chai leo?"

"Bado."

"Basi huondoki kwangu bila chai."

Niliwaketisha kwenye ile meza ukingoni mwa korongo, na skonzi za moto na jamu ya aprikoti, na nikawaambia waongee chini chini. Lachie akaangalia bunduki iliyolala juu ya mfuko wake wa mchanga, akaangalia ng'ambo, akaelewa.

"Hapana," akasema. "Kutoka hapa? Na kile kibunduki cha watoto? Rae, acha zako, utatia aibu wilaya nzima."

"Kula skonzi, Lachie."

Jua likafika kwenye jiwe. Kwa muda hakikutokea kitu, na mikono yangu ilikuwa baridi. Gyp alikuwa amelala juu ya miguu yangu, nikahisi joto lake likipita kwenye buti. Kisha masikio mawili yakachomoza, na kichwa chini yake.

Nikachukua kidonge kutoka kwenye kikombe cha yai. Nikakipitisha chini ya kidole gumba, sikuweza kujizuia. Nikakitia.

"Nusu kulia," Murdo akasema nyuma ya darubini. "Zidi. Zidi kidogo. Ngoja."

Ngaire aliacha kutafuna.

"Ngoja. Nyasi zinalala. Sasa."

Bunduki ikatoa ule mfyatuko wake mdogo. Kukawa na kimya, kile kimya kirefu cha mita tisini na kitu, kisha mlio mkavu ukarudi kutoka ng'ambo, na masikio hayakuwepo.

"Amekimbia," Lachie akasema.

"Nenda ukamtazame," nikamwambia.

Akaenda. Alimwachia Ngaire kamba ya Tib, akashuka korongo na viatu vyake vizuri, akapanda, akapotea nyuma ya jiwe. Aliporudi alikuwa amemshika dume lile kwa miguu ya nyuma, na hakuwa na utani wowote usoni. Akamlaza mezani kando ya skonzi. Tundu lilikuwa chini ya sikio, dogo na safi.

Ngaire akasimama, akapangusa makombo. "Nimeona ninachohitaji kuona. Karoti zinaishia mpakani, Rae. Hapa hakuna kitu."

Nilitaka kusema neno la ushindi. Nilikuwa nimeliandaa tangu siku ile ya roli ya jibini, lilikuwa refu na lenye sumu yake. Badala yake machozi yakanitoka mbele ya Lachie Dunsmuir, na sikujali. Nikachukua kisu cha Murdo, nikakata kichwa nikakiweka kando, na sungura mzima aliyebaki nikamtupa kwenye nyasi.

Pua ya Gyp ikaamka kabla yake. Akainuka kwa tabu, akamkuta, akajilaza na kumkumbatia kwa miguu ya mbele, akaanza kula kwa meno yake machache, polepole, manyoya na yote, mkia ukipiga ardhi yenye barafu.

Lachie alikuwa anamtazama Gyp namna ambayo sikuwahi kumwona akitazama kitu. Tib alikuwa analia ndani ya kikapu, anavuta kamba.

"Rae," akasema hatimaye, bila kunitazama. "Ile kalibu yenu. Mzee yule wa Invercargill... anaweza kuchonga nyingine? Ya bunduki yangu?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Lile la hereni lilikuwa mojawapo.

"Lete mtutu wako kesho tuupime," nikasema. "Nitakuonyesha namna ya kupaka mafuta. Watu wengi hukosea hapo."

Murdo akapaliwa na chai.

"Na huyo mtoto," nikamwambia Lachie, "mfungue mdomo. Hapa kwangu anaweza kula."

Lachie akapiga magoti kwenye barafu, na vidole vyake vikahangaika na kile kifungo. Kikapu kikatoka. Tib akakimbia moja kwa moja mpaka kwa Gyp, akasimama anatetemeka, akanyoosha shingo. Gyp akamngurumia mara moja, kwa ajili ya adabu. Kisha akasogea kidogo, akamwachia mguu mmoja wa sungura.